Kabla hujampa mwanao funguo

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Katesh siku ya mnada. Nikiwa kijiweni namsubiri mwenyeji wangu, ikaja pikipiki imepiga mshikaki: mama mmoja, mtoto mgongoni, msichana mwingine nyuma yake na debe la maharage katikati. Dereva aliposimama, ilibidi aiinamishe pikipiki upande mmoja ili mguu uguse chini.

Nikamuuliza ana miaka mingapi.

“Kumi na nane, mjomba.”

Wenzake wakacheka. Mmoja akasema, “Mjomba, hapo amejumlisha na ya mwakani, na ya mwaka unaofuata.”

Kumbe kijana ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Siku za mnada anakuwa deiwaka kwenye pikipiki ya mtu. Jioni anapeleka hesabu kwa bosi, na kinachobaki ni chake.

Mama yake anauza mitumba palepale mnadani. Aliposikia kwamba mimi ndiye ninayeandika ukurasa huu, aliacha meza yake akanifuata.

“Kaka, huyu mtoto nimfanyeje? Shuleni anakwenda mwili, akili iko kwenye injini. Nikimgombeza, baba yake ananiambia nimwache, kila mtu na kipaji chake. Juzi alimwonyesha kwenye simu kijana wa huko Finland, mtoto wa miaka minane anaendesha gari kwenye barafu, na baadaye akawa bingwa wa dunia. Sasa mtoto kila siku ananiambia, mama, mimi nimeshachelewa miaka saba.”

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Nikamwahidi kwamba nitaifuatilia habari ya kijana huyo, nimjibu kupitia hapa. Leo natimiza ahadi.

KIJANA WA KWENYE VIDEO

Video ile ni ya kweli. Mtoto yule anaitwa Kalle Rovanperä. Alizaliwa tarehe 1 Oktoba 2000 huko Jyväskylä, mji ambao ndio nyumbani kwa mbio za magari za Finland. Baba yake, Harri Rovanperä, naye alikuwa dereva wa mbio za magari, na mwaka 2001 alishinda mbio za dunia za Sweden. Video iliyomfanya mtoto ajulikane inamwonyesha akiwa na miaka minane, amekaa nyuma ya usukani wa Toyota Starlet, anaizungusha juu ya barafu kama mtu mzima.

Na kweli alifika mbali. Julai 2021, akiwa na miaka 20, alishinda mbio za Estonia na kuwa dereva mdogo kuliko wote kuwahi kushinda mbio za ubingwa wa dunia wa rally. Oktoba 2022, siku moja tu baada ya kutimiza miaka 22, alitwaa ubingwa wa dunia huko New Zealand. Rekodi ya kabla yake ilikuwa ya Colin McRae wa Scotland, aliyekuwa bingwa mwaka 1995 akiwa na miaka 27. Mwaka 2023 Kalle akatwaa ubingwa mara ya pili.

Sisi wa Afrika Mashariki madereva wa Finland si wageni kwetu. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, na miaka hiyo magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Dereva wa kwanza kutoka Ulaya kuja kuzishinda alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972, akiwa na Ford Escort. Mwaka 1985 akaja Juha Kankkunen na Toyota Celica, akashinda mara yake ya kwanza kushiriki. Na Kalle mwenyewe ameshinda Safari mara mbili, mwaka 2022 na 2024, pale Naivasha, Kenya.

Kwa hiyo baba wa yule kijana wa Katesh hakudanganya. Tatizo ni kwamba video ni fupi, na maisha ya yule mtoto hayakuishia kwenye ile barafu.

AMBACHO VIDEO HAIONYESHI

Mzazi mwenzangu, itazame tena video ile kama mzazi. Mtoto yuko wapi? Hayuko kwenye barabara ya watu. Hakuna mama aliyebeba kuni pembeni, hakuna ng'ombe wanaovuka, hakuna lori la vitunguu linalokuja mbele. Amefunga mkanda, amevaa kofia ngumu, na aliyempeleka pale ni baba ambaye kazi yake ni hiyohiyo.

Sasa sikiliza lililonigusa zaidi.

Mwaka 2015, akiwa bado na miaka 14, Kalle alianza kushindana nchini Latvia. Mbio za rally zina sehemu za aina mbili. Ziko sehemu za mashindano, ambapo barabara imefungwa, watu wameondolewa, na dereva anakwenda kasi anayoiweza. Katikati ya sehemu hizo kuna barabara za kawaida zenye magari ya watu, taa na trafiki, ambapo gari la mashindano linatembea kama gari lingine lolote.

Kalle hakuwa na leseni, kwa kuwa umri wake haukuruhusu. Basi kila walipomaliza sehemu iliyofungwa na kufika barabara ya kawaida, mtoto alishuka kwenye usukani. Msoma ramani wake, mtu mzima anayeitwa Risto Pietiläinen, ndiye aliyeshika gari kwenye barabara ya umma. Wakifika sehemu nyingine iliyofungwa, wanabadilishana tena.

Huyu Risto hakuokotwa njiani. Alikuwa msoma ramani wa baba yake Kalle. Maana yake, mzee Harri alimchukua mtu aliyekaa naye garini miaka mingi, mtu anayeijua hatari, akamkalisha pembeni ya mwanawe.

Mwaka 2016 Kalle alikuwa bingwa wa Latvia. Fikiria hilo. Mtoto anawashinda watu wazima wa nchi nzima, lakini akifika barabara ya lami anapisha usukani. Kipaji chake hakikuwa na ubishi, ila hakuna aliyesema kwamba kwa sababu ya kipaji hicho sheria imwache.

Finland leseni ya gari ni miaka 18, kama kwetu. Kalle aliipata akiwa na miaka 17, kwa kibali maalum cha serikali, baada ya kuomba na kukaguliwa. Mwezi huohuo wa Oktoba 2017 akaingia mbio zake za kwanza za ubingwa wa dunia, huko Wales. Kuanzia video ya barafu mpaka siku anaruhusiwa kuendesha peke yake barabarani ni miaka tisa. Hiyo miaka tisa ndiyo haimo kwenye simu ya baba yetu wa Katesh.

Na hata baada ya leseni hakurukishwa. Miaka ya 2018 na 2019 aliendesha Škoda katika daraja la chini, akashinda daraja hilo, na ndipo mwaka 2020 Toyota wakampa gari kubwa. Mwaka 2021 alikuja Naivasha, gari likazama kwenye vumbi laini, siku ikaishia hapo. Mwaka uliofuata akarudi na kushinda.

FUNGUO NILIZOTOA MIMI

Wapo watakaosema naandika haya kwa kuwa sijui raha ya kijana mwenye mkono mwepesi. Naijua.

Mwaka 2011 nilinunua pikipiki yangu ya kwanza. Nyumbani kwetu ni upande wa Dongobesh. Mdogo wangu alikuwa na miaka 15. Sikumfundisha. Aliangalia mara mbili ninavyoachia klachi na kukanyaga gia, mara ya tatu akaiendesha kuzunguka nyumba bila kuizima. Wazee waliokuwa pale walimsifu. Nami nikajisikia fahari kana kwamba nimemzaa.

Jioni moja mama aliishiwa mafuta ya taa. Mvua ilikuwa imenyesha mchana. Mdogo wangu akasema, “Kaka, nipe mimi, dakika kumi.” Funguo zilikuwa mfukoni mwangu. Hakuziiba. Nilimpa kwa mkono huu ninaoandikia.

Alirudi amebebwa na watu wanne. Kwenye mteremko udongo mwekundu ulikuwa umeshaloa, mbele kulikuwa na mkokoteni wa punda, na mtoto aliyejua kwenda hakuwa amejifunza kusimama. Mguu ulivunjika mara mbili. Alikaa wodini wiki nyingi, na alipotoka wenzake walikuwa wamemtangulia darasa. Hakurudi shule. Leo anauza spea za pikipiki, ana mke na watoto, na anachechemea.

Hajawahi kunilaumu. Mara moja tu, tena tukiwa tunakula na kucheka, aliniambia: “Kaka, siku ile ungesema subiri, ningenuna. Lakini ningesubiri.”

Nimeibeba kauli hiyo mpaka leo.

KULEA MKIMBIAJI TUNAJUA

Sisi wa milima hii kulea kipaji si jambo geni. Mbulu ndiko alikotoka John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akafunga bandeji na kumaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Karatu, ambayo zamani ilikuwa ndani ya wilaya ya Mbulu, ndiko alikotoka Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 huko Christchurch, New Zealand.

Ndiyo maana mtoto wa huku akionekana ana mbio, kila mtu anajua la kufanya. Mwalimu anamwandika UMITASHUMTA, akifika sekondari anaingia UMISSETA. Mkimbiaji wa zamani kijijini anamtazama anavyokanyaga na kumrekebisha. Na hakuna mzazi mwenye akili timamu atakayemwambia mtoto wa darasa la sita akimbie kilomita 42. Tunasema mwili haujakomaa, asubiri.

Lakini mtoto huyohuyo akipenda injini, tunamfanyia moja ya mawili. Ama tunamwita mhuni, ama tunampa barabara yote siku ya kwanza, pamoja na abiria. Hiyo ndiyo marathoni ya mtoto wa darasa la sita, na hapa tunampa na watu wa kubeba.

BASI TUFANYE NINI?

Najua hatuna barafu wala Starlet ya mazoezi. Rally ni mchezo wa fedha nyingi, na baba yake Kalle alikuwa dereva mkubwa. Hayo hatuwezi kuyaiga. Yapo manne tunayoweza.

Kwanza, tenganisha mahali pa kujifunzia na barabara. Kijana anayependa mwendo ana baiskeli, na baiskeli inafundisha breki, kona na kusoma ardhi. Kama nyumbani kuna trekta au pikipiki, iwe shambani, mtu mzima akiwa hapohapo, bila abiria na bila mzigo. Anapofika barabara ya watu, anashuka. Usiseme “mpaka dukani tu”. Mdogo wangu alikuwa anakwenda dukani tu.

Pili, mtafutie Risto wake. Katesh, Haydom na Mbulu mjini hakosekani fundi mwenye heshima, au dereva mkongwe wa lori aliyepandisha Magara miaka ishirini bila kuua mtu. Nenda umwone wewe mwenyewe, usimtume mtoto. Mwombe amkubali kijana Jumamosi baada ya kazi za nyumbani, ashike spana, ajifunze kwa nini breki inakufa mteremkoni na oili inabadilishwa lini. Mkubaliane wazi kwamba hatatumwa kwa pikipiki. Mtoto ambaye ameifungua breki kwa mikono yake ataiheshimu.

Tatu, muunganishe na shule kupitia hichohicho anachokipenda. Kabla ya rally, dereva na msoma ramani hupita njia polepole wakiandika kila kona: umbali wake, ukali wake, na kilicho nyuma yake. Siku ya mashindano msoma ramani anayasoma maandishi hayo kwa kasi na dereva anayafuata bila kuona mbele. Asiyeweza kuandika na kusoma vizuri hawezi kukaa kwenye kiti kile. Mwambie kijana kwamba hesabu za pembe na fizikia ya msuguano ndizo zinazolibakiza gari njiani. Akimaliza kidato cha nne, VETA wana ufundi wa magari, umeme wa magari na udereva. Wako pia Chuo cha Taifa cha Usafirishaji Dar es Salaam. Na kama mtu anadhani mbio hizi ni za wazungu peke yao, mwaka 2022 Mkenya McRae Kimathi alikwenda kushindana katika daraja la vijana kwenye theluji ya Sweden. Yeye naye ni mtoto wa dereva wa rally.

Nne, na hili ni gumu. Tuulizane kuhusu fedha.

Yule mama wa Katesh, tulipokuwa tunaagana, aliinamisha kichwa akasema: “Ila kaka, ile elfu tano anayoleta siku ya mnada, siwezi kusema haitusaidii.” Nilimshukuru kwa kusema. Nyumba nyingi hazisemi. Tunamgombeza mtoto asubuhi kwa kuendesha pikipiki, na jioni tunapokea unga alionunua. Mtoto haoni kosa lake liko wapi, na ana haki ya kuchanganyikiwa.

Sisemi hivyo kumhukumu mtu. Najua bei ya mahindi, na najua mwaka mbaya ukoje. Lakini pigeni hesabu baba na mama mkiwa pamoja, usiku, watoto wamelala. Elfu tano ya mnada iwekeni upande mmoja. Upande wa pili wekeni wiki za wodini, mwaka wa shule uliopotea, na yule mama na mtoto wake waliokuwa nyuma. Ajali ikitokea, bosi mwenye pikipiki atasema hakujua umri wake. Wewe huwezi kusema hukujua.

Kama elfu tano hiyo haina mbadala kabisa, ipo kazi nyingine ya siku ya mnada. Kijana anaweza kusaidia kwenye meza ya mitumba ya mama yake, au kuziba pancha na kuosha pikipiki za wenzake kijiweni. Kipato kitapungua. Lakini atabaki karibu na injini anazozipenda, miguu yote miwili ikiwa mizima.

JIBU LAKE

Juzi nilimpigia simu mama yule nimsomee niliyoyaandika. Akasema, “Ngoja, nampa mwenyewe.” Kijana akachukua simu, akanisalimia shikamoo kwa sauti ya mtu anayejua anakuja kusemwa.

Sikumsema. Nilimsimulia tu habari za Latvia, za bingwa wa nchi nzima aliyekuwa akipisha usukani kila akifika barabara ya watu.

Akanyamaza kidogo.

“Kwa hiyo alikuwa anashuka?”

“Alikuwa anashuka.”

“Na watu wanamwona?”

“Wanamwona.”

“Na alikuwa anashinda?”

“Alikuwa anashinda.”

Akanyamaza tena. Nyuma yake nilisikia pikipiki zikipita. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: “Mjomba, huyo fundi uliyemwambia mama, anachukua vijana wangapi?”

Sijui mnada ujao atakuwa wapi. Miaka 15 ni miaka 15, na wale wenzake wa kijiweni bado wapo. Baba yake nimeomba niongee naye, amesema nikifika Katesh nimtafute. Nitamtafuta. Nitamwomba jambo moja tu: video ile aliyomwonyesha mwanawe, waikae waitazame tena pamoja, na safari hii amhadithie miaka tisa iliyofuata.

Nawe unayesoma hapa, kama funguo ziko mfukoni na mtoto amesimama mlangoni, mwambie asubiri. Atanuna. Mwache anune.

Tukutane wiki ijayo.